Gari halitaki kuwaka asubuhi ya baridi: wana Newala, Tandahimba na Rondo, tupime kabla ya kununua betri

FundiUmemeKusini (Mtwara)

Wakuu, habari za asubuhi.

Ikifika Juni mpaka Agosti, simu zinazonijia kutoka Newala, Tandahimba na kwa wenzetu wa Rondo kule Lindi ni za aina moja. Gari jana jioni lilikuwa zima, asubuhi halitaki kuwaka, jua likishapanda linawaka kama halijawahi kuumwa. Na jibu ambalo mtu ameshapewa mtaani ni hilohilo kila mwaka: baridi hiyo, nunua betri. Watu wanatoa hela ya betri wakati korosho bado iko juu ya mti, halafu wiki inayofuata tatizo liko palepale. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu.

Niseme wazi: baridi yetu haina ubavu wa kuzuia gari zima lisiwake. Hata tukisema asubuhi ya Julai pale Newala karibu na Shimo la Mungu, upepo ukiwa unapanda kutoka bonde la Ruvuma, ni nyuzi joto 15. Nguvu ya betri ya kuzungushia stata, yaani mota inayoamsha injini, hupimwa kiwandani kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Magari haya haya tunayoyatoa Japani, mengine yalikuwa yakilala nje kwenye theluji ya Hokkaido na asubuhi yanakwenda kazini. Kwa hiyo gari likigoma Newala, kuna kitu kimechoka. Baridi imekifichua tu.

Na kwa betri, mara nyingi muuaji ni joto la huku chini pwani. Joto hukausha maji ya betri na kula sahani za risasi zilizo ndani. Kanuni ya wenye kazi hii ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya betri kuchakaa inakaribia kuwa maradufu. Gari linashinda juani Mtwara mjini miezi yote, boneti inachemka, betri inachoka polepole na wewe huoni, kwa sababu kwenye joto hata betri dhaifu inatoa umeme wa kutosha. Siku ukipanda nalo Newala likalala nje, mambo mawili yanakutana saa kumi na mbili asubuhi: umeme unatoka kwa shida, na oili imekuwa nzito, hivyo stata inadai umeme mwingi kuliko kawaida. Hapo betri inasalimu amri.

Kabla ya kugusa spana, sikiliza. Ukipiga stata na injini inazunguka kwa uchovu, taa za dashibodi zinafifia, shida iko upande wa umeme: betri, nyaya, au stata yenyewe. Ukisikia tik moja halafu kimya, bado uko kwenye umeme, ila waya na stata sasa ndio washukiwa wa kwanza. Lakini injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida na haishiki, achana na betri. Betri imeshamaliza kazi yake. Tafuta mafuta, hewa, moto wa plagi, au kwa dizeli, hita plagi, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka. Wengi wanaonunua betri bure ni wa kundi hili la tatu.

Sasa vipimo. Multimita ya kawaida inatosha. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na hujawasha chochote, pima kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 na kuendelea, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imeisha. Halafu mwenzako apige stata wewe ukiangalia mita: isishuke chini ya 9.6. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka mpaka 7 stata ikianza kuzunguka, hiyo imekufa ndani na chaji haitaisaidia. Hiyo nunua mpya kwa amani.

Ila ikisoma 12.1 asubuhi, usikimbilie dukani. Jiulize umeme umekwenda wapi. Washa gari kwa kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine, kisha pima likiwa linaunguruma: unataka kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji au mkanda umelegea, na betri mpya itakufa vilevile. Kama inachaji vizuri, basi kuna kinachokula umeme usiku. Gari lililozimwa na kutulia halitakiwi kuvuta zaidi ya miliampia 50 hivi. Redio ya kufungiwa mtaani, alamu na taa ya buti isiyozima ndivyo ninavyovikuta mara nyingi. Kuna pia suala la safari fupi: ukitoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, altaneta haipati muda wa kurudisha kile stata ilichokula.

Ukiamua kununua, soma maandishi ya betri ya zamani. Kwenye betri za Kijapani utaona kwa mfano 46B24L: 46 ni kiwango cha nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, L inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Namba ya mwanzo ikiwa kubwa kidogo haina ubaya, mradi betri ikae kwenye kitako chake na vichwa vifikiane na waya.

Leteni dalili zenu. Semeni gari gani, petroli au dizeli, na injini inazunguka vipi.

MwalimuWaNewala

Asante sana fundi, umenigusa mimi kabisa. Nina Toyota IST, otomatiki, ya petroli. Asubuhi stata inazunguka haraka haraka lakini haishiki. Nikikanyaga mafuta kidogo huku napiga stata, inashika, halafu inatetemeka na kutaka kuzima mpaka ipate moto. Mchana sina shida nayo. Betri nimeshabadilisha mwezi uliopita kwa ushauri wa gereji moja hapa, hakuna kilichobadilika. Sasa wananiambia pampu ya petroli.

FundiUmemeKusini (Mtwara)

Mwalimu, pole. Pampu subiri kwanza, kwa sababu umeeleza jambo la maana sana: ukikanyaga mafuta inashika. Pedali ya petroli kazi yake ni kufungua hewa. Injini ya baridi huhitaji hewa ya ziada ili izunguke kwa kasi kidogo mpaka ipate moto, na hewa hiyo hupita pembeni ya kile kibao cha kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, kwenye kinjia chembamba chenye valvu yake. Kinjia hicho kikijaa masizi, injini inakosa pumzi asubuhi, wewe unaifungulia kwa mguu. Ikishapata moto haihitaji hewa ya ziada, ndiyo maana mchana ni nzima.

Kwa hiyo anza na kusafisha throto na ile valvu ya kinjia cha hewa, mafundi wanaiita ya sailensi. Dawa ya kupuliza ya throto, kitambaa, subira. Angalia na filta ya hewa, maana vumbi la barabara za huko wote tunalijua. Mwambie fundi asichokonoe kwa bisibisi.

Hatua ya pili, kama bado, apime sensa ya joto la maji ya injini. Ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi, iongeze petroli. Ikidanganya kwamba injini ina moto, petroli inakuja kidogo na asubuhi inakuwa mateso. Ni kipimo cha dakika chache: chomoa soketi, pima omu. Kwenye nyuzi 20 sensa nyingi za Toyota husoma kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 zinashuka mpaka mia tatu na kitu. Ukipata 300 asubuhi injini ikiwa ya baridi, umemkamata. Usimruhusu mtu abadilishe pampu kabla ya mambo haya mawili. Plagi nazo zichunguzwe zikitoka, kama ncha zimelika zimemaliza muda wake.

KoroshoTandahimba

Wakuu shikamooni kwa wakubwa. Mimi nina Hilux dizeli ya injini 3L, ndiyo inayobeba salfa na mashine za kupulizia. Msimu huu ndio wa kazi, tunatakiwa shambani alfajiri upepo haujaanza, gari linatugomea. Stata inazunguka vizuri, nyuma linatoa moshi mweupe mzito unaochoma macho, haliwaki. Saa nne jua likiwa kali linawaka kwa stata moja. Vijana wameanza kuniwashia moto wa vijiti chini ya injini, mwingine amekuja na ile dawa ya kopo ya kupuliza kwenye hewa. Taa ya hita kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida kwa hiyo najua hita ni nzima. Naomba msaada.

FundiUmemeKusini (Mtwara)

Marahaba. Mkuu, kwanza kabisa zuia hiyo dawa ya kopo leo hii. Dawa hizo nyingi zina etha, inayolipuka kwa moto mdogo sana. Kwenye injini yenye hita plagi inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, ukavunja pistoni au kupinda konrodi. Na moto wa vijiti chini ya injini yenye oili iliyovujia kila mahali, karibu na paipu za dizeli, halafu nyuma kuna mifuko ya salfa! Salfa inashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Hapana kabisa.

Sasa ugonjwa. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikatoka bila kuungua. Maana yake mafuta yanafika. Kwa hiyo habari za filta kuziba au gari kuvuta upepo, yaani hewa kuingia kwenye paipu za mafuta, tuziweke pembeni. Kinachokosekana ni joto. Dizeli haina plagi ya cheche, inaungua kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikawa ya moto, na kwenye injini za aina yako hewa hubanwa kwa uwiano wa kama 22 kwa 1. Lakini hizi injini za Toyota, 2L, 3L, 5L, na hata 1HZ ya Land Cruiser, dizeli inapigwa kwanza kwenye kichumba kidogo ndani ya hedi, na kuta za kile kichumba zikiwa za baridi zinanyonya lile joto. Hita plagi imewekwa pale kwa ajili hiyo. Bila hita, hata nyuzi 15 zinatosha kukusumbua, hasa kama pistoni nazo zimeshachoka kidogo.

Na taa ya dashibodi isikutulize. Ile taa inaendeshwa na taima, haijui kama plagi zinapata moto au hazipati.

Pima hivi. Zima swichi. Fungua ile pleti ya shaba inayounganisha plagi zote nne, itoe. Chukua taa ya testa, bana upande mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine gusa kichwa cha plagi moja moja. Ikiwaka, plagi inapitisha umeme. Isipowaka, imekatika. Ukiwa na multimita, plagi nzima husoma omu ndogo sana, kama 1 au chini yake. Iliyokatika haisomi kitu. Kisha rudisha pleti, fungua swichi bila kupiga stata, pima volti pale kwenye pleti. Hakuna umeme? Basi plagi zinaweza kuwa nzima na mwenye kosa ni rilei au fyuzi kubwa ya hita.

Kama zote nne ni nzima na umeme unafika, hapo ndipo tuzungumzie kompresheni, nozeli na taiming ya pampu. Hiyo ni kazi ya gereji na hela nyingine, usianzie huko.

DerevaWaSongea

Fundi nakuheshimu lakini baridi usiidharau. Mimi natoka Mtwara napita Masasi, Tunduru, Songea mpaka Njombe na Makambako. Asubuhi ya Julai Njombe kioo kina barafu. Lori ambalo Mtwara linawaka kwa kugusa, kule linanung'unika. Na kitu ambacho hujakigusa vya kutosha ni oili. Watu wa pwani wanajaza ile nzito ya namba 40 tupu kwa sababu injini imechoka na inakula oili. Kule juu inakuwa kama uji wa mhogo, stata inazunguka kwa shida hata betri iwe mpya. Tangu tajiri alipokubali tuweke 15W-40 hali ni tofauti kabisa.

FundiUmemeKusini (Mtwara)

Dereva, umesema kweli na nakubali kwa Njombe na Makete, kule ni baridi ya kweli. Hoja yangu ilikuwa uwanda wa Makonde na Rondo. Na la oili ni muhimu. Namba iliyo mbele ya W ndiyo inayosema oili itakuwa nyepesi kiasi gani injini ikiwa ya baridi, ya nyuma ni ya injini yenye moto. 15W-40 na 40 tupu zikishapata moto zinalingana, tofauti yao iko asubuhi. Wenye magari madogo ya petroli angalieni kifuniko cha oili au kitabu cha gari. Mengi yametengenezwa kwa 5W-30 au 10W-30, na mtu anayamiminia 20W-50 akidhani nzito ndiyo imara.

Wewe wa lori, ongeza hili: ni volti 24, betri mbili zimefuatana. Moja ikichoka inaiburuza mwenzake. Pima kila moja peke yake, na ukibadilisha, badilisha zote mbili zenye umri mmoja.

ShanganiMtwara

Mimi niko hapahapa Shangani karibu na bahari, baridi sina lakini dalili ya tik moja ninayo. Tik, kimya. Nikirudia mara nyingi, inazunguka. Betri inasoma 12.7. Vichwa vya betri vina unga wa kijani na mweupe.

FundiUmemeKusini (Mtwara)

Mkuu, hiyo betri ni nzima, tatizo liko njiani. Hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani inakula shaba hata ndani ya plastiki ya waya. Ondoa negativu kwanza, halafu chanya, mwagia maji ya moto yenye baking soda, sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma king'aacho, kaza, paka grisi juu. Usisahau ule mwisho mwingine wa negativu, pale inapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Wengi wanasafisha betri na kuuacha upande huo umeoza.

Kisha fanya kipimo hiki, nakipenda kuliko vyote. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa chenyewe cha negativu, mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Mita isizidi nusu volti. Ikisoma 1 au 2, umeme unapotelea kwenye huo waya. Rudia upande wa chanya: kichwa cha betri na boliti kubwa ya stata.

Nyaya zikiwa safi na bado tik, fungua stata. Ndani ya solenoidi, swichi kubwa ya umeme iliyo kwenye stata, kuna vipande viwili vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme mkubwa, vinalika kwa miaka. Kwenye stata nyingi za Kijapani vipande hivyo vinabadilishwa peke yake, huhitaji stata nzima.

RondoLindi

Huku Rondo ukigomewa gereji iko mbali. Nikibusti kwa gari la jirani, mpangilio sahihi wa nyaya ni upi? Nimewahi kuona cheche kubwa.

FundiUmemeKusini (Mtwara)

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye negativu ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiipeleke kwenye betri iliyokufa, ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri inatoa gesi ya haidrojeni, cheche karibu yake inaweza kuilipua usoni. Acha gari la jirani liungurume dakika tano hivi kabla ya kupiga stata. Kutoa nyaya, rudi nyuma kwa mpangilio huohuo. Wa manyuo wanaweza kusukuma, wa otomatiki wasijichoshe.

MwalimuWaNewala

Mrejesho. Throto ilikuwa nyeusi tii, na ile valvu ilikuwa imeganda kabisa kwa masizi. Imesafishwa, nimebadilisha na filta ya hewa. Sensa imepimwa, imesoma 2,400 asubuhi, kwa hiyo tumeiacha. Leo imewaka bila kukanyaga mafuta, na kulikuwa na ukungu. Pampu sikununua. Mungu akubariki fundi.

KoroshoTandahimba

Na mimi nimepima kama ulivyoelekeza. Tatu zimekatika, moja ndiyo inawasha testa. Umeme kwenye pleti unafika. Nimeagiza seti kutoka Masasi inakuja jioni. Nizifunge kesho alfajiri kabla ya kutoka shamba?

FundiUmemeKusini (Mtwara)

Mwalimu, nimefurahi sana.

Mkuu wa Tandahimba, tatu kati ya nne, hapo halikuwa na namna ya kuwaka. Badilisha zote nne. Plagi zikifika, soma volti iliyoandikwa kwenye plagi ya zamani ulinganishe na mpya, maana zipo za volti 12 na zipo za volti ndogo kwa injini hizohizo, ukikosea zinaungua siku hiyohiyo au hazipati moto wa kutosha.

Alfajiri usifungue. Subiri mchana gari liwe limewaka na injini ina moto. Plagi iliyokaa miaka mingi inashikwa na masizi, ukiilazimisha hedi ikiwa ya baridi inakatikia ndani, na hapo hedi itabidi ishuke. Puliza kwanza vumbi lote kuzunguka plagi. Legeza robo, rudisha, legeza tena, huku ukitia oili ya kulainisha. Mpya uziingize kwa vidole mpaka zikae, halafu kaza kwa spana fupi bila kuning'inia.

KoroshoTandahimba

Nimekuelewa. Kesho tutalisubiri jua hilohilo kwa mara ya mwisho, tukirudi shamba saa nane tunafunga. Nitaleta mrejesho hapa.